Nafasi Moja Kabla ya Nyota

Saa tano kasorobo asubuhi, katika ofisi ya shule yenye dirisha moja, mhazili ameketi mbele ya kioo cheusi cha kompyuta. Hakuna picha, hakuna vitufe, kipanya hakina pa kwenda. Kimebaki kistari kinachopepesa, kama kinamwambia: haya, sema.

Majina ya watahiniwa mia mbili na kumi na wanne yamo humo ndani. Yanatakiwa kufika baraza la mitihani kabla ya saa sita. Jina lisilofika, mwenyewe hafanyi mtihani mwaka huu.

"Diski imejaa, ndiyo maana zile picha zimegoma," anasema fundi wa kompyuta kwenye simu. "Tufute nakala za zamani. Andika ninavyokutajia, mama."

Wanafunzi humwita mhazili huyu Mama Nukta, maana barua isiyo na nukta haitoki mezani kwake. Amepiga chapa miaka ishirini na sita, nusu yake kwa mashine ya utepe. Mwaka jana shule ilihamia mfumo huria wa kompyuta, ule usiolipiwa leseni, naye akajifunza kwa kipanya, akaweza.

"Hayo ya kuandika amri niliwaachia mafundi," anasema. "Kumbe yananisubiri mlangoni."

Fundi anataja: rm, yaani futa, kisha nakala, kisha nyota, ile alama ya *. Mhazili anaandika, akiacha nafasi baada ya kila neno, kama alivyofundishwa chuoni kwa rula ya mwalimu.

Mwalimu mkuu amesimama nyuma yake, macho kwenye saa. "Bonyeza enta, dada. Muda unatutupa mkono."

Mhazili habonyezi. Anaogopa, na haoni aibu kusema hivyo. Tangu enzi za utepe, karatasi yake haitoki kwenye mashine kabla haijasomwa tena. Anaweka kidole kwenye kioo, anasoma kwa sauti.

"Rm, nafasi. Nakala, nafasi. Nyota."

"Nafasi kabla ya nyota?" Fundi anapaza sauti. "Mama, toa mkono hapo! Nyota ikishikana na neno, zinafutwa nakala tu. Ikijitenga, linafutwa kila faili lililomo humo, na majina ya watoto!"

Mwalimu mkuu anavuta kiti, anakaa. Mhazili anaondoa ile nafasi, anasoma upya, anabonyeza.

Kompyuta inazimwa, inawashwa, picha zinarudi. Majina yanaondoka saa sita kasoro dakika saba.

"Kipanya hukuuliza: una hakika?" anasema mhazili. "Hii nyeusi haiulizi. Ukiiambia, imeshafanya."

Fundi, ambaye siku zote amekuwa akiwacheka wanaong'ang'ania kipanya, leo hacheki. "Sikukutajia nafasi kwa sababu mimi, kwa mazoea, siioni tena," anakiri. "Kosa langu."

Mwezi ujao Mama Nukta anataka kuwafundisha wahazili watatu wa shule jirani. Wataanza na kipanya, kisha amri moja moja, kwenye daftari kwanza. Somo la kwanza ameshaliandika juu ya ukurasa: "Ondoa kidole kwenye enta. Soma tena. Nukta."