Mikono ya 'Maseabata

'Maseabata alikuwa amepiga deki katika hospitali ile ya milimani kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwita kwenye semina. Mkufunzi kutoka Maseru, mji mkuu wa Lesotho, aliposema waje wafanyakazi wote, hadi wapishi na walinzi, alidhani anatafutwa mtu wa kupanga viti.

Kumbe naye alikuwa na zamu yake. Akawekewa mdoli wa mpira sakafuni.

"Moyo wake umesimama, mama. Unangoja nini?"

Akapiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua, akanyoosha mikono na kukandamiza kwa nguvu, harakaharaka, kama alivyoonyeshwa. Kila mkandamizo, taa ya kijani ya mdoli ikawaka kuonyesha amepatia.

"Haya, daktari wa ndoo!" alitania Sista Limakatso, mkuu wa wauguzi. "Kesho sisi tushike mafagio."

"Mtayaweza?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya theluji, Mzee Lebusa aliyekuwa akingoja dawa zake za presha alianguka kwenye korido, blanketi likiwa bado mabegani. 'Maseabata alimtikisa, akamwita. Kimya. Hapumui. Akapiga yowe la msaada, akafungua blanketi, akaanza. Alikuwa amefika mkandamizo wa ishirini na mbili Sista Limakatso alipotokea mbio.

"We! Utamvunja mbavu mzee wa watu! Toka!"

"Sista, moyo wake..."

"Nimesema toka!"

Akatoka. Sista akatafuta mapigo shingoni, akayatafuta mkononi, akaagiza mashine ya presha. Ikaletwa, betri zimekwisha. 'Maseabata aliganda ukutani, akihesabu moyoni bila kutaka. Alipita mia mbili kabla mtu mwingine hajakigusa kile kifua. Daktari alifika, akajitahidi sana. Mzee hakurudi.

Kwenye kikao cha kujadili kifo kile, daktari aliuliza nani alianza kukandamiza. 'Maseabata akainamia viatu vyake. Kazi ile ndiyo iliyolisha wajukuu.

"Ni yeye," Sista alisema. "Mimi nikamwondoa."

"Huenda angekufa tu."

"Huenda, daktari."

Jioni Sista alimfuata kwenye stoo ya sabuni. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini aliyetii ni mimi, mwanangu. Hilo nani atanisamehe?"

Mkufunzi aliporudi, 'Maseabata alikuwa na swali moja. "Kukandamiza najua. Nifundishe nikifukuzwa nifanyeje."

Mkufunzi akaomba mtu wa kumfukuza. Watu wakatazamana. Mwishowe Sista Limakatso akasimama mwenyewe.

"Toka!"

Mikono ya 'Maseabata ikaruka kutoka kifuani mwa mdoli kama iliyoungua.

"Tena," akasema.

Mara ya pili ikaruka vilevile. Mara ya tatu Sista alimshika bega na kumvuta. 'Maseabata akaukaza mgongo. "Sitoki! Lete mtu wa kunipokea!" Akaendelea kukandamiza, machozi yakidondokea mpira, hadi Sista alipopiga magoti upande wa pili na kumpokea.

Alipotoka kazini siku ile alizunguka njia ya mbali, asipite mlangoni kwa mjane wa Lebusa.