Jicho Lisilotaka Mzigo

Mimi si mtu wa kukaa. Niulize nilivyoishi miezi ile, nitakujibu kwa hasira. Daktari wa macho kule Goma aliponifungua bandeji ya jicho la kushoto, neno lake la kwanza halikuwa pole. Alisema: "Mama, kubeba hapana. Kuinama na jembe hapana." Huku kwetu Masisi mwanamke hubeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama miguu. Sasa ukimwambia asibebe, umemwambia afanye nini? Apambe nyumba?

Lakini niliogopa. Jicho hilo lilikuwa limefunikwa na kovu jeupe. Kirusi cha herpesi, kilekile kinachotoa malengelenge mdomoni baada ya homa, kilinirudia jichoni mara kwa mara hadi nikawa naona moshi tu. Wakaondoa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, wakanishonea ya marehemu nisiyemjua, Mungu ampokee. Kirusi chenyewe hakikutoka. Kimelala mwilini, na vidonge nilivyomeza kila siku vilikuwa vya kukizuia kisiamke. Kikiamka, au mwili ukiikataa konea ya mgeni, narudi kwenye moshi.

Kisha maharagwe yakakauka shambani, tayari kuvunwa, na mvua ikaanza kutisha. Njia ya kule kilimani hata pikipiki haipandi. Asubuhi moja nikachoka kuzunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikachukua kamba, nikaivaa. Mume wangu alikuwa mlangoni ananoa panga.

"Unaenda wapi?"

"Ku shamba. Maharagi itaoza, na weye uko unanoa panga."

"Toa iyo kamba, Mama."

"Nani atabeba? Mbuzi?"

Akaweka panga chini. Akanivua kamba kichwani taratibu, akashika njia. Nilidhani anakwenda kuificha.

Mchana nikasikia vicheko barabarani. Kwetu mwanaume hubeba begani au kichwani. Kamba ya paji ni ya wanawake. Na mume wangu huyo, anapita mbele ya maduka, gunia mgongoni, kamba usoni, jasho linamtiririka. "Karibu, dada!" wanaume wakamwitia. "Mutoto amelala mu mugongo?" Niliona aibu, tena nikaona hasira: juu yao, juu yake, juu ya jicho langu. Yeye akabwaga gunia uani, akanywa maji, akarudi kilimani.

Siku chache baadaye nikaamka jicho ni jekundu, mwanga unachoma. Jamani! Sikuwa nimebeba hata kuni! Nikapanda pikipiki hadi hospitali ya Mweso. Muuguzi alilimulika kwa tochi, akasema hapa hakuna mchezo, nenda Goma leo. Njia nzima nilikuwa nafunika jicho la kulia, lile zima, na kutazama mgongo wa dereva. Bado namwona? Namwona. Na sasa? Roho haikutulia hata kidogo.

Daktari alisema kirusi kimeanza kuamka, lakini nimewahi. Akaongeza vidonge, akabadilisha matone. Konea ilikuwa bado safi katikati. Nikamuuliza kama jicho litapona.

"Tutaona," akasema. "Na kubeba, Mama, mwaka mzima hapana. Pengine hata baadaye."

Nilirudi nyumbani nimepanga maneno ya kumwambia mume wangu. Nilimkuta uani anapura maharagwe kwa fimbo. Paji lake lilikuwa limechubuka pale kamba ilipopita.

"Papa," nikasema, "wamesema mwaka muzima. Pengine milele."

Akaendelea kupura. Halafu, bila kunitazama, akasema: "Mwaka muzima? Basi, bale ba ku maduka batacheka mpaka bachoke."

Nikakaa chini, nikalia. Jicho lililoshonwa halifikichwi, kwa hiyo nikaikalia mikono yangu, nikayaacha machozi yashuke yenyewe.