Sahani ya Kwelea Kwelea

Mimi kwa kwelea kwelea wa kukaanga sijiwezi. Dada yangu aliyeolewa Ubaruku akinipigia simu msimu wa mpunga kukomaa, sisubiri kubembelezwa: asubuhi natoka kwangu Soweto, Mbeya mjini, mchana nimeshakaa kwenye mkeka wake. Ndege hao wanakula mpunga wa watu, sisi tunawala wao. Naona ni haki tupu.

Safari hiyo mumewe alikuwa amewanasa jana yake kwa wavu wakiwa wazima na kuwatia kwenye gunia. Jioni ileile droni ilipita kupulizia sumu wenzao waliolala kwenye matete, na gari la matangazo likazunguka mtaani likionya kwamba ndege walioanguka wenyewe wasiokotwe. Sisi hayo hayakutuhusu. Wetu walinaswa mapema.

Mama mkwe wa dada, bibi mcheshi asiyemwachia mtu mwiko mgeni akija, aliwakaanga mwenyewe. Akaniwekea mbele sahani imejaa mpaka inamwagika, na mgeni ndiye huanza. Nilikuwa nimeshamshika mmoja kwa mguu paka wao alipotokea jikoni akipepesuka.

"Huyu naye kalewa wapi?" nikacheka.

Paka akaanguka ubavu. Povu likamtoka, miguu ikawa inarusha mateke hewani, kisha akanyooka. Midomoni mwake mlikuwa bado na manyoya ya ndege.

Dada alinipiga mkono kwa nguvu, kile nilichoshika kikaruka hadi ukutani.

"Usile! Mama, huyu paka ndege kaitoa wapi?"

"Si kwenye beseni," bibi alisema, naye ameduwaa. "Kaniibia moja nikiwa naosha."

"Zile za kwenye gunia?"

"Zile zilikuwa kidogo, mwanangu. Mtu katoka Mbeya, umpe sahani nusu? Nimeongeza na za kule kwenye matete. Lakini nimetoa matumbo yote, nikaosha na maji ya moto na ndimu. Sumu itabaki wapi?"

Nilifuta vidole vyangu vya mafuta kwenye mkeka, nikafuta kwenye sketi, nikarudia mkeka, kama mwehu. Sijawahi kuogopa chakula namna ile.

"Afadhali paka," nikasema. "Mungu mkubwa, hakuna aliyekula."

Dada alikuwa anamtazama mkwewe usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka bibi wa watu, na kila mara alifuta mate kwa ncha ya kanga.

"Mama," dada alisema polepole, "ulionja?"

"Sasa ningempaje mgeni kitu sijaonja chumvi?"

Tulimbeba, mimi na dada, hadi barabarani tukipiga mayowe tupate bodaboda ya kumkimbiza zahanati, naye njia nzima akiniomba radhi kwamba nimekaa na njaa.