Tulivyoanika Filamu ya Harusi Juani

Nitawaambia, lakini mkicheka sana nanyamaza, maana hii aibu nimeibeba tangu miaka ya hamsini. Wakati huo nilikuwa nafanya vibarua Nakuru, na kibarua kimoja kilikuwa kumsaidia Bwana Elija, mpishi wa zamani wa mzungu mmoja kule Ndabibi, ambaye mzungu wake alipohama alimwachia kamera, basi akaacha sufuria akajiita mpiga picha (kuoka mkate alijua, kamera hapana). Mimi nilikuwa nimefagia studio ya Mhindi miezi mitatu, kwa hiyo kati yetu fundi nilikuwa mimi.

Tukaitwa harusi ya binti mmoja wa huko Ndabibi, Tabitha. Tukapiga picha zote nane za filamu, halafu Elija akanivuta kando akaninong'oneza, "Josefu, utajuaje kama watu wameingia kwenye filamu?"

Hapo ningesema sijui, yaishe. Lakini hata mimi nilitaka sana kuona! Kule kwa Mhindi chumba cha giza kilikuwa kinafungwa kila saa, nikadhani anaficha ujuzi wake tu. Nikamjibu, "Tufungue tuangalie."

Tukafungua, saa nane mchana, jua kali, nje ya kanisa. Ikatoka filamu kama utepe, rangi ya maziwa, haina mtu hata mmoja. Watu wakatuzunguka, utepe ukapita mkono kwa mkono, kila mtu anajitafuta, mama ya bwana harusi akauliza, "Mbona mimi simo?" Na kumbe pale juani ilikuwa inabadilika rangi polepole, inakuwa nyeusinyeusi, Elija akapiga makofi, "Zinaiva! Ngojeni kidogo!" Basi nikaitandaza kwenye meza ya keki, nikaweka vijiwe pembeni upepo usiichukue, na wageni wote, hata pasta, wakainama wakingoja kujiona wakitokea. Tulingoja mpaka chai ikapoa.

Jumatatu nikampelekea yule Mhindi filamu hiyo. Akaishika, akaniuliza, "Umefagia hapa miezi mitatu, hata siku moja hukuuliza kwa nini nafunga mlango?"

Hakunifukuza. Alinitilia filamu mpya kwenye kamera, akanifundisha kuikinga na mwanga, maana ukiigusa kabla haijasafishwa gizani picha zote hufutika, nikarudi Ndabibi peke yangu (Elija alisema tumbo linamuuma).

"Hata moja?" Tabitha akauliza.

"Hata moja, dada."

Angenitukana ningeshukuru. Aliingia ndani akavaa gauni lake tena, lakini bwanake alikuwa amesharudi kazini Kisumu, ikabidi nimpige picha akiwa peke yake, mkono juu ya kiti kitupu. Siku hiyo niliapa kwamba kitu nisichokijua nitauliza kwanza, tena kwa sauti, hata watu wakinicheka.

Ile picha bado iko ukutani kwao. Wageni wakiiona humpa Tabitha pole ya kufiwa, na bwanake mwenyewe, sasa mzee, amekaa pale chini yake, anasoma gazeti.