Tundu la Moshi Upande wa Kusi

Mwaka 1906, upepo wa kusi ulipokuwa mkali, nilimpoteza binti yangu wa kwanza. Alikuwa hajapewa jina.

Nyumba yetu ya zamani, karibu na Chiungutwa, askari wa Mjerumani waliichoma pamoja na ghala la mtama. Mume wangu akajenga nyingine porini, ya miti na udongo. Kwetu tundu la moshi huachwa juu ukutani, chini ya paa, upande usiopigwa na kusi, ili moshi utoke bila kurudishwa. Lakini upande huo ndio uliotazama njia ya askari. Mume wangu alikuwa amepigana Maji Maji, na wanaume walikuwa bado wanasakwa. Akaliacha tundu upande wa kusi, kwenye miti mingi, moshi usionekane.

Nilijifungua humo. Mzazi hatoki ndani mpaka siku zake zitimie, na moto wake hauzimwi. Upepo ukawa unausukuma moshi wote ndani. Mtoto akaanza kukohoa, kikohozi chembamba kama cha paka.

Jirani aliyekuja kunitazama aliziba pua kwa nguo. "Humu mnalea mzazi au mnakausha samaki?"

Mume wangu hakucheka. "Shemeji, moshi hauui. Kamba ya Mjerumani ndiyo inayoua."

"Toboa upande wa pili, baba mwana," nilimwomba.

"Wakiuona je?"

 Nikamgeukia mama mkwe, nikamwomba nikae uani na mtoto japo kidogo.

"Mwanangu, unataka baridi imwingie?" akasema, akachochea moto. Alimpenda yule mtoto kuliko sisi sote.

Asubuhi moja nilimweka kwenye titi, hakunyonya. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka. Jua lilipofika utosini, kikatulia.

Wanawake walimzika nyuma ya nyumba. Waliporudi, mume wangu alichukua panga, akapanda, akatoboa ukuta chini ya paa, upande wa njia. Moshi ukatoka wote, ukapanda juu ya miti. Akakaa mlangoni na panga magotini, akiitazama njia mpaka jua likazama. Hakuja mtu. Mama mkwe akanikuta nimetoka uani, akaniambia niingie ndani, siku zangu bado hazijatimia. Nikaingia.