Shimo la Babu Mwero

Juzi, nikitandika kitanda cha mgeni hotelini Diani, nilikuta kitabu kinene cha historia ya ustaarabu wa binadamu, kile ambacho wageni wengi hushuka nacho ufuoni. Nilikifunua kutazama picha tu. Moja ikanikalisha chini.

Ilinirudisha Kinango, mchana wa jua kali, nikimfuata baba aliyebeba kibuyu cha tembo lililonukia uchachu. Tulikuwa tukienda kumwamkia Babu Mwero, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu Waduruma, mzee kama yule alichongewa kigango, nguzo ya mti yenye kichwa na mabega, na hapo ndipo tulipozungumza naye.

Pale kigango kiliposimama tulikuta shimo, udongo wake ungali mbichi. Kibuyu kilimponyoka baba, tembo likaturukia miguuni, nzi wakavamia. Alipiga magoti, akatia mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko.

"Baba, babu ameenda wapi?"

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza."

Nilidhani Babu Mwero amechoka kusimama juani, ameenda kutafuta kivuli. Nilimwekea maji mlangoni, anywe akirudi. Sikujua kwamba kuna watu huiba wafu wa wenzao wakawauza.

Sasa nilikuwa nikimtazama pichani, amesimama ndani ya kabati la kioo, begani bado ana lile doa jeusi la moto uliotoroka shambani kwetu. Chini yake wameandika: Afrika Mashariki, mtu asiyejulikana.

Nilipiga ukelele mle chumbani, peke yangu na shuka mkononi:

"Asiyejulikana na nani?"