Majirani Waliomkana Anti Mwikali

Muthokoi haupikwi kwa haraka. Mahindi yaliyokobolewa huchemka na maharagwe tangu asubuhi, na kufikia saa saba mchana ploti yetu nzima pale Lindi, Kibera, ilikuwa ikinukia chakula cha Anti Mwikali. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mama yangu, ameletwa kutoka Kitui akiwa na miaka kumi na tisa ili afue nguo za watu na kuniangalia mimi mama akiwa kazini. Hakujua kupika chakula kidogo. Sahani moja ilikwenda kwa Mama Akinyi, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mlangoni pa ploti, nyingine kwa Mutiso, fundi wa viatu aliyeegemeza kibanda chake kwenye ukuta wetu. Mama alinung'unika kwamba mdogo wake anapika kana kwamba kuna harusi, kisha akachota na yeye akala. Ilikuwa likizo ya Agosti, baridi ya Nairobi imekolea, na mimi nilikuwa na miaka kumi. Jumamosi moja niliamka nikakuta jiko ni baridi na uani hakunuki kitu ila mtaro.

Anti alikuwa amelala seli. Wengi wangependa niseme aliiba unga, au maziwa ya mtoto mgonjwa, ili tumhurumie vizuri. Hapana. Aliiba kikopo cha mafuta ya uso, yale yanayoahidi kuondoa madoa, kutoka supamaketi moja ya Kawangware alikopita Ijumaa jioni akirudisha nguo za mteja. Alikitia ndani ya mkono wa sweta, akatembea hadi mlangoni kwa mwendo ambao, alituambia baadaye, hata mbuzi angeushuku. Bawabu alimshika kabla hajavuka kizingiti. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Anti Mwikali hakupewa hata moja. Alilia, akaomba kusugua sakafu ya duka zima, lakini meneja alikuwa amechoka kuibiwa na aliita polisi.

Jumatatu alifikishwa katika mahakama ya Kibera. Mama alikwenda peke yake, akarudi na midomo imekauka. Alisema Anti alisomewa shtaka la wizi, akakubali kosa hapo hapo. Kikopo kilikuwa kimerudishwa dukani, na upande wa mashtaka ulisema hana rekodi yoyote ya makosa. Hata hivyo sheria ni sheria, na karani alimweleza mama kwamba kwa wizi wa namna ile hakimu anaweza kumfunga mtu hadi miaka mitatu. Kabla ya kuamua, hakimu alitaka ripoti. Afisa wa urekebishaji tabia, ambaye watu wote humwita wa probesheni, angekwenda nyumbani kwa mshtakiwa kuuliza anaishi na nani, ni mtu wa namna gani, na kama kuna wa kumwangalia akiachiliwa. Ripoti ikiwa nzuri, huenda akapata kifungo cha nje, yaani akafanya kazi ya jamii huku akilala kwake. Ikiwa mbaya, jela. Mpaka hapo angekaa rumande. Nilimuuliza mama miaka mitatu ni mingi kiasi gani. Akaniambia, "Utakuwa umeanza kuvaa sidiria." Nililia sana usiku ule, maana niliona kabisa kwamba ningekua bila yeye.

Sasa, lazima mtu aielewe Lindi ya wakati ule. Mgeni mwenye viatu safi na faili kwapani hakuwahi kutuletea heri. Alikuwa wa kukata umeme, au wa kutia alama nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, au askari aliyevaa kiraia. Kwa hiyo tulikuwa na desturi, na hata watoto waliijua kabla ya kujua kusoma: ukiulizwa habari za jirani, humjui. Hujapata kumwona. Kama ana deni, kama anatafutwa, kama yuko ndani amejificha chini ya kitanda, wewe humjui, na kesho naye hatakujua wewe. Ilikuwa heshima kubwa kuliko salamu.

Mama alitamani kuwaeleza majirani lakini aliona aibu. Aliwaambia tu kwamba Mwikali ameshikwa kwa jambo dogo. Siku mbili tatu baadaye alinichukua kwenda naye Lavington alikofanya kazi, simu yake ikaishiwa chaji, na jioni tuliporudi tulimkuta Mama Akinyi ametungoja, mikono kiunoni, amejaa furaha.

"Mama Ndinda, leo tumekuokolea mtu," alisema. "Kumekuja mwanamke na faili, ati anamtafuta Mwikali. Tukamwambia hakuna Mwikali hapa."

"Mimi nilimwambia hiyo jina hata ni ya ukoo gani," Mutiso aliongezea kutoka kibandani.

"Alisema ametoka wapi?" mama aliuliza.

"Kotini! Ndio maana tulikana kabisa. Akauliza ploti nzima, mlango kwa mlango. Hakuna mtu alimwambia kitu."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Sijawahi kuona mtu akishukuru na kukata tamaa kwa wakati mmoja kama alivyofanya siku ile. Hakuwakemea, angewakemeaje? Walikuwa wametoa walichokuwa nacho. Aliwaeleza yote, tangu kikopo cha mafuta hadi miaka mitatu, na kwamba yule mwanamke ndiye aliyekuwa tumaini letu, na sasa ataandika kwamba Mwikali hana kwao, hana watu wake, ametoa anwani ya uongo. Mama Akinyi aliziba mdomo kwa kanga. Mutiso aliweka nyundo chini. "Mficha uchi hazai," mama alisema, akijilaumu yeye mwenyewe.

Asubuhi Mama Akinyi hakupanga omena. Mutiso alifunga kibanda, wateja wakaachwa wakichungulia viatu vyao kwenye nyufa. Tuliandamana kwa miguu hadi ofisi ya probesheni, karibu na mahakama, watu kama kumi na mmoja hivi na mimi nimeshikwa mkono, na njiani waliokutana nasi waliuliza ni nani amefariki. Afisa alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua. Alipowaona wakijipenyeza mlangoni aliwatambua mmoja mmoja.

"Jana si mliniambia hamumjui?" aliuliza.

"Jana ni wewe hatukukujua, madam," Mama Akinyi alijibu. "Mwikali tunamjua."

Afisa alipenga kamasi taratibu, na nadhani alikuwa anaficha kicheko. Akauliza kama wanajua pia kwamba ameiba. Nilikuwa na hofu kwamba watakana na hilo, kwa mazoea, na tukazama tena.

"Ameiba, tumesikia," Mama Akinyi alisema. "Na akirudi tutamwongelesha sisi wenyewe, hatakuwa na raha. Lakini arudi."

"Mimi nikienda choo humwachia kibanda," Mutiso alisema. "Viatu za watu. Sijawahi pata moja imepotea. Huyo tunamjua poa, madam."

Walisema mengine, wote kwa pamoja, hadi afisa akaomba waongee kwa zamu. Alitaka kujua nani atahakikisha anafika kazini akipewa kifungo cha nje. Mikono ikainuka mingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya hukumu tulijaza benchi mbili. Hakimu alisema amesoma ripoti, kwamba mshtakiwa ni kijana, ni kosa la kwanza, amekubali mwenyewe na mali imerudi, na kwamba ana watu. Alisema neno hilo, ana watu. Akampa kifungo cha nje cha miezi miwili, kufagia na kupiga deki katika zahanati ya serikali Kawangware, na akamwonya kwamba akikosa kazi bila sababu, au akiiba hata sindano, ataingia ndani. Anti aliitikia kwa kichwa mara nyingi mno. Alipotoka kwa mlango wa pembeni, amekonda, nywele zimesimama, nilimkumbatia kiunoni na nikahisi kifua changu kinafunguka. Furaha ile ninaikumbuka kwa mwili. Mama alimpiga kofi moja la begani, kisha akamshika usoni na kulia. Mama Akinyi alitimiza ahadi: alimwongelesha kuanzia langoni pa mahakama hadi Lindi bila kituo, na Anti akaitikia "ndiyo" kila hatua.

Kosa halikufutika kabisa. Miaka kadhaa baadaye Anti alipoomba kazi ya upishi katika shule ya chekechea Kawangware, alitakiwa kuleta cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho kingelionyesha. Mwalimu mkuu alipoanza kumhoji, Anti alimsimulia yote kabla hajaulizwa, na kikopo chenyewe akakitaja. Alichukuliwa. Mpaka leo yuko pale, na ana madoa yake yale yale usoni.

Mimi naishi Kawangware pia, ghorofa ya tano, maji yako bombani na mlango una kufuli la maana. Sitaki mtu anidanganye kwamba matope ya Lindi yalikuwa matamu, nimeyakanyaga. Lakini mwezi uliopita mtu wa mizigo alileta kifurushi changu, akabisha milango yote ya ghorofa yetu akiniulizia kwa jina, na wote wakamwambia hawanijui. Niliporudi bawabu alinieleza, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna aliyekuwa ananilinda. Walikuwa wanasema ukweli.

Nilimhadithia Anti Mwikali jikoni kwake shuleni. Alicheka hadi akaweka mwiko chini, akajipangusa macho kwa aproni.

"Ndinda, nenda ukabishe hizo milango leo," aliniambia. "Wewe unangoja ushikwe ndio wakujue?"